Isikizya na Begi la Mashujaa

Begi nililopanda nalo treni Dar es Salaam lilikuwa na vitabu vingi kuliko nguo. Mlikuwa na matoleo ya Absolute Batman, Absolute Wonder Woman na Absolute Superman, mifululizo mitatu ambayo kampuni ya DC ya Marekani iliianzisha Oktoba na Novemba 2024. Mlikuwa na Storm ya Marvel, iliyoanza Oktoba hiyohiyo. Chini kabisa, ndani ya kanga kuukuu, nilikuwa nimeyafunga magazeti ya Sani ambayo kaka yangu aliyatunza tangu ujana wake. Yote hayo nilikuwa nampelekea mpwa wangu Isikizya, makao makuu ya Halmashauri ya Wilaya ya Uyui mkoani Tabora, ambako dada yangu amehamishiwa kikazi. Mimi mtu wa pwani sikuwahi kufika huko. Tabora nilikuwa naijua kwa vitabu vya historia na kwa asali tu.

Wenye haraka siku hizi wanakwenda Dodoma kwa treni ya umeme, kisha wanaunganisha basi. Nilichukua treni ya reli ya zamani kwa makusudi. Nilitaka muda wa kusoma, na nilitaka kupita taratibu upande ambao wapagazi wa Kinyamwezi waliupita kwa miguu, kila mmoja na mzigo wa kilo 30 hivi begani, miezi mitatu hivi kutoka Bagamoyo hadi Unyanyembe, yaani Tabora na viunga vyake. Wajerumani waliifikisha reli Tabora mwaka 1912, na kwa sehemu kubwa waliufuata mwelekeo uleule wa misafara: kuikata Ugogo, kuuvuka msitu, kuingia Unyamwezi.

Kabla hatujafika Morogoro nilikuwa nimeshamfungua Batman. Naanza naye kwa sababu ndiye aliyenirudishia hamu ya hadithi za mashujaa, hamu niliyokuwa nayo shuleni tulipokuwa tunapokezana kitabu kimoja darasa zima. Batman tuliyemzoea ni tajiri: jumba la urithi, mtumishi, magari, pango lililojaa mitambo. Mwandishi Scott Snyder na mchoraji Nick Dragotta wamemnyang'anya vyote hivyo. Bruce Wayne wao ni mtoto wa mwalimu. Baba yake aliuawa kwenye bustani ya wanyama, mama yake yu hai, na yeye mwenyewe ni mhandisi anayeujua mji wake wa Gotham daraja kwa daraja kwa kuwa ameutumikia kwa mikono yake. Nembo ya popo kifuani inachomoka ikawa shoka. Dragotta anamchora mpana kupita kiasi, mabega yanaigonga fremu huku na huku, na wapo wanaosema ni mbwembwe za mchoraji. Mimi nasema mwili ule ndio mtaji wake pekee, na ni haki tuuone.

Bane anapoingia kuanzia toleo la 9, hadithi inapanda daraja. Mwaka 1993 Bane alimvunja Batman mgongo, na tukajua kwamba mgongo utapona. Safari hii anawaendea marafiki wa utotoni wa Bruce, na anayowatenda hayafutwi katika toleo linalofuata. Nililisoma toleo la 12 mara mbili mfululizo, treni ikiwa imesimama gizani kupisha nyingine, na sikuona adha ya kusubiri.

Sote tumekua na usemi kwamba steringi hafi. Usemi huo ndio ugonjwa mkubwa wa vitabu hivi. Mashujaa wa Marekani wanakufa na kufufuka kila wauzaji wanapotaka wateja, hata msomaji anaacha kulia na anaacha kuogopa. Kinachonivutia katika Absolute Wonder Woman ya Kelly Thompson na Hayden Sherman ni kwamba kila msaada una bei. Diana huyu hakulelewa kisiwani kati ya mama na shangazi zake. Amelelewa kuzimu na mchawi Circe, na anautoa mkono wake mwenyewe kafara ili mtu mmoja apate kutoka huko. Sherman anazichora kurasa kwa fremu zinazopinda na kuvunjika, na ni nadra kuona mpangilio wa ukurasa ukibeba maana kiasi hicho. Kwangu huu ndio mfululizo bora kati ya mitatu, ingawa najua Batman ndiye anayeuzwa zaidi na kupigiwa kelele.

Superman wa Jason Aaron na Rafa Sandoval ana wazo zuri kuliko utekelezaji wake. Mtoto wa tabaka la vibarua wa Krypton, anayekuja duniani akiwa amekwisha kujua kazi na dhuluma, tunamkuta machimboni akiwatetea wachimbaji dhidi ya kampuni kubwa iitwayo Lazarus. Mkoa wa Tabora una wachimbaji wadogo, na jirani zake Geita na Shinyanga ndiyo kabisa. Msomaji wa kwetu hahitaji kuelezwa mgodi ni nini. Tatizo ni kwamba hadithi inarukaruka kati ya Krypton na dunia, na mara mbili tatu nilitamani mwandishi atulie machimboni, atuonyeshe wale watu wanakula nini na wanadaiwa na nani.

Asubuhi ya pili mzee mmoja aliyepandia Dodoma alikuwa ameketi mbele yangu, kibaragashia kichwani, macho kwenye kitabu changu. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akauliza mimi mtu wa wapi. Nilipomwambia Mzaramo, uso ukamfunguka.

"Mtani wangu! Basi begi hilo utalibeba mwenyewe tukifika. Sisi tumeshawabebea vya kutosha."

Behewa zima likacheka, maana utani wa Wanyamwezi na watu wa pwani ulizaliwa na misafara yenyewe, na kila mtu mle ndani alijua mizigo anayoisema. Kisha akanyoosha mkono akaomba kitabu. Alikipekua taratibu, ukurasa kwa ukurasa, akasema, "Wakati wetu alikuwa Spear."

Alimaanisha Lance Spearman, mpelelezi wa jarida la African Film, lililotolewa na kampuni ya Drum na kusambaa Afrika Mashariki na Magharibi mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970. Haikuwa michoro, zilikuwa picha za kamera zilizopangwa kwa fremu na kuwekewa maneno. Spearman alikuwa Mwafrika mwenye kofia, tai ya kipepeo, gari la kifahari na ngumi nzito. Mzee alikuwa mwanafunzi Tabora, na jarida likija na treni walilisoma hadi kurasa zikaachana.

"Lakini hatukujua mji wake ni upi," alisema. "Sisi tulisema Nairobi. Wenzetu wakasema Lagos. Yeye mwenyewe hakutaja."

Maneno hayo yalinikaa, kwa sababu ndiyo niliyokuwa nayatafuta juu ya Storm. Ororo, ndilo jina lake halisi, alizaliwa kwenye karatasi mwaka 1975, kwa kalamu za Len Wein na Dave Cockrum, na tangu mwanzo tuliambiwa kwamba watu wa nyikani Kenya walimsujudia kwa ajili ya mvua, na baadaye kwamba mama yake ni mwana wa kifalme kutoka huko. Miaka hamsini baadaye mfululizo wake uliandikwa na Mnigeria, Murewa Ayodele, ukichorwa na Lucas Werneck, na nilifurahi kuona jina la Mwafrika kwenye jalada. Toleo la kwanza, lenye maafa ya nyuklia Oklahoma City, ni zuri: mtu anaokoa wengine na mionzi inamuingia mwilini. Werneck anazichora nywele na mawingu kwa upendo wa wazi. Baadaye hadithi inapaa kwa miungu na anga za mbali, na Kenya inabaki kuwa jina la ukoo. Ororo hana kijiji, hana mtani, hana shangazi wa kumgombeza. Wakanda nayo, tangu mfalme wake T'Challa alipotokea katika toleo la 52 la Fantastic Four mwaka 1966, ni nchi ya kubuni iliyowekwa jirani nasi ili isimuudhi mtu yeyote. Hata DC walipotaka Batman wa Afrika mwaka 2011, wakamtengeneza Batwing, polisi wa Kongo aliyewahi kuwa askari mtoto, wakampa mji wa Tinasha ambao haupo kwenye ramani yoyote. Gotham nayo haipo, lakini imechorwa kwa miaka themanini na zaidi mpaka msomaji anaijua mitaa yake. Hayo ndiyo malalamiko yangu: sisi tunapewa jina bila mitaa.

Saranda tulinunua kuku wa kuchoma dirishani. Baada ya Itigi msitu ukafunga njia pande zote mbili, na mzee akanionyesha Tura, mahali ambapo misafara ya zamani ilihesabu kwamba imetoka nyikani na kuingia Unyamwezi. Goweko, Igalula, miembe ikaanza kuzidi. Nikamfungulia mzee magazeti ya Sani, naye akamtambua Lodi Lofa papo hapo.

Sani ni kazi ya Saidi Bawji na Nico ye Mbajo, na jina lake limeungwa kutokana na majina yao. Mchoraji aliyeipa roho ni Philip Ndunguru, aliyefariki mwaka 1986 akiwa bado kijana. Ukitazama leo mitaa ya Ndunguru, vilabu, foleni na vyumba vya kupanga, unaona Dar es Salaam ya enzi ile kuliko unavyoiona kwenye picha nyingi za kamera. Mahali alikuwa napo kwa ukamilifu. Ila Lodi Lofa na Ndumilakuwili ni watu wa vituko. Tuliwapenda kwa kutuchekesha, hakuna aliyewategemea watuokoe. Na mashujaa waliokuja baadaye, kama wale wa katuni za Shujaaz zilizoanza Kenya mwaka 2010 na kuvuka kuja kwetu, wana kazi ya kutufundisha kilimo, akiba na afya. Kazi hiyo naiheshimu, na Kiswahili chao cha vijana ni hai. Ila shujaa mwenye somo la kufundisha hana nafasi ya kushindwa, na asiyeweza kushindwa hanisumbui usiku.

Tabora tuliingia jua likiwa limeshakuwa kali. Niliagana na mtani wangu kituoni; begi nililibeba mwenyewe. Kabla ya kwenda Isikizya nilichukua bodaboda hadi Kwihara, kwenye tembe linalotunzwa kama makumbusho ya Livingstone. Kuta nene za udongo mwekundu, ua katikati, milango ya mbao yenye nakshi ambayo mtu wa pwani anaijua mara moja. Hapo Stanley aliagana na Livingstone Machi 1872, na Livingstone akabaki akisubiri wapagazi hadi Agosti. Wageni wengi wanakuja kwa ajili ya wazungu hao wawili. Mimi nilikuwa nafikiria mtu wa tatu, ambaye mwaka uliotangulia aliwafanya wote katika mabonde haya walale na bunduki.

Mirambo. Mwanzoni mwa miaka ya 1870 mtemi huyu wa Kinyamwezi aliziba njia ya misafara kwenda Ujiji na kudai ushuru kwa kila mzigo, na Waarabu wa Tabora wakaamua kumpiga. Agosti 1871 walikwenda, Stanley akiwa pamoja nao. Mmoja wa viongozi wao, Soud bin Sayd, akaiteka Wilyankulu na kugeuka kurudi na pembe za ndovu na watu aliowateka. Mirambo alikuwa amewalaza ruga-ruga, yaani wapiganaji wake, kwenye majani marefu, kando ya njia ya kurudia. Soud na wenzake wakafa pale. Baadaye mwezi huohuo Mirambo akaja Tabora yenyewe. Khamis bin Abdullah, mmoja wa wakubwa wa mji, akatoka kumkabili na kuuawa, nyumba zikateketea, na Stanley akajifungia hapa Kwihara akitoboa matundu ya risasi ukutani. Miaka mitano baadaye, mwaka 1876, huyohuyo Stanley alikutana na Mirambo, wakachanjiana udugu, akamfananisha na Napoleon.

Nikiwa ndani ya ua ule niliziona kurasa. Ukurasa mzima wa majani, bila maneno, na msomaji aanze kugundua mmoja mmoja macho yaliyomo. Fremu nyembamba za wapagazi, pembe begani, jasho. Kisha ukurasa wa kufunua, pande mbili, kishindo. Dragotta angeulilia mchoro huo. Na Mirambo si malaika: ruga-ruga wake walichoma vijiji vya Wanyamwezi wenzake, na pembe na watu vilipita mikononi mwake. Ndiyo maana anafaa. Alifariki Desemba 1884, na dola aliyoijenga kwa mkono mmoja ikasambaratika muda si mrefu.

Na kama Mirambo ni shujaa wa kutisha, Isike ni wa kuliza. Mtemi huyu wa Unyanyembe aliwapinga Wajerumani kwa silaha, nao wakamrudia zaidi ya mara moja, hadi Januari 1893 kikosi cha Tom von Prince kilipoingia ndani ya boma lake. Isike akaiwasha ghala ya baruti ili asitekwe. Hapo hakuna toleo linalofuata la kumfufua. Ndiyo maana nasema hadithi tunazozisifu leo kutoka Marekani zinajifunza, kwa kuchelewa, jambo ambalo Unyanyembe ililijua.

Isikizya niliifikia jioni kwa gari dogo la abiria, nimebanwa kati ya gunia na mama mwenye dumu la asali. Ni makao makuu ya wilaya ambayo bado yana hewa ya kijiji: ofisi za halmashauri, nyumba za watumishi, maduka machache, na miti ya miombo haiko mbali na mlango wa mtu. Jirani wa dada alitusalimu kesho yake "Mwangaluka", na mpwa wangu, mtoto aliyekulia Temeke, akamwitikia sawasawa kama mzaliwa. Nilifurahi sana kumsikia.

Begi lilifunguliwa uani mbele ya watoto wa jirani waliojaa kwenye mkeka, na kazi yangu ikawa kusoma Kiingereza na kusema Kiswahili. Hukumu zao zilikuwa kali na za haki. Juu ya Batman waliuliza kwa nini asimwambie mama yake. Juu ya Superman, kama mtu anaruka, kwa nini wachimbaji bado wanatembea kwa miguu? Msichana mmoja wa darasa la sita alikishika cha Wonder Woman muda mrefu.

"Mkono wake utaota tena, mjomba?"

"Amepata wa bandia, wa kichawi. Wake hautarudi."

Aliridhika na jibu hilo, akaendelea kusoma picha peke yake.

Usiku mpwa wangu aliniletea daftari. Ndani yake mna shujaa wake, ameshafika toleo la tatu, kwa kalamu ya wino wa bluu. Ni mrina asali anayewaamuru nyuki, na anapigana na mtu mwenye mashine ya kukata misitu. Nimelisoma kama ninavyosoma matoleo mengine, kwa hiyo nalitolea maoni vilevile. Nyuki amewachora kwa nukta zinazokwenda zikikolea hadi zinakuwa ukuta mweusi, na ukurasa ule ni mzuri kwelikweli. Mizinga ya magogo juu ya miti iko kama ilivyo. Anaijua, anaiona kila siku. Msitu ni msitu wa Uyui, si wa kubuni. Kasoro ni adui. Anacheka, ana meno makubwa, na hakuna sababu yoyote ya kukata miti.

Nikamwuliza: huku ni nani anayekata miti kweli?

Asubuhi swali lilifika mkekani, na yule msichana akalijibu bila kusita. Baba yake analima tumbaku, na tumbaku haikauki bila kuni. "Kwa hiyo adui ni baba yangu?" alimwuliza mpwa wangu, usoni, wenzao wote wakisikiliza. Mpwa wangu akanyamaza. Nilitaka kuingilia, nikajizuia, kwa kuwa pale ndipo hadithi yake ilipoanza kuwa hadithi. Mrina asali na mkulima wa tumbaku wanaishi mtaa mmoja, wanasali pamoja, wote wana ada za shule, na msitu ni mmoja. Katika vitabu vyote vya kigeni nilivyobeba sikukuta mgogoro ulio karibu na nyumbani kiasi hicho.

"Sijui bado," alisema hatimaye. "Toleo la nne nitaliandika upya."

Sina shaka na vipaji. Nchi iliyowatoa Ndunguru, James Gayo na Kingo wake, Masoud Kipanya, na Gado aliyekwenda Nairobi mwaka 1992 akatikisa ikulu kwa kalamu, haina upungufu wa wachoraji. Nairobi, wachapishaji wa Sasa Sema walishatuonyesha tangu miaka ya 1990 kwamba kitabu cha katuni cha Kiswahili kinawezekana, wakamtoa Abunuwasi wa Gado. Kinachokosekana ni wachapishaji watakaokubali kutoa mfululizo, mwezi kwa mwezi, kwa bei ambayo mtoto wa Isikizya anaweza kuichanga, na wahariri watakaomkataza mwandishi kumfanya shujaa wetu mtakatifu.

Mchoraji unayesoma hapa, usingoje Marvel wakuletee Unyamwezi yao. Panda treni, shuka Tabora, nenda Kwihara ukatazame kuta, kaa na wazee wa Unyanyembe uwasikilize, kisha uanze kuchora. Anza na Wilyankulu, Agosti 1871, watu wamelala kwenye majani.